Kumlipa dada nusu yake ya nyumba ya mama: uchambuzi wa kisa cha kodi ya majengo California

Kaka na dada wameachiwa nyumba na mama yao huko California. Kaka anaishi humo. Alihamia ili amuuguze mama, na hana mpango wa kuondoka. Dada anaishi jimbo jingine, ana watoto wa kusomesha, na anachohitaji ni fedha. Hakuna ugomvi. Baada ya msiba wanazungumza kwa simu, dada anasema, "Kaka, mimi sitaweza kuja kuishi huko. Baki na nyumba, ila unipe changu." Kaka anajibu, "Usiwe na wasiwasi dada yangu. Nitakopa benki nikulipe nusu yako yote."

Ni mazungumzo ya upendo, na kila mzazi angetamani watoto wake waongee hivyo. Lakini ahadi hiyo ya kaka ikitekelezwa neno kwa neno itapandisha kodi ya majengo ya nyumba hiyo karibu mara tatu, na haitashuka kwa muda wote atakaoishi humo. Ipo njia nyingine inayofika palepale, kaka na nyumba yake, dada na fedha zake kamili, na kodi ikabaki ilivyokuwa enzi za mama. Kinachozitofautisha ni nani aliyekopa, na hati zilisainiwa kwa mpangilio gani.

Kisa hiki ni cha mfano, na tarakimu za nyumba nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike. Sheria, viwango na tarehe ni za California kama zilivyo.

Nyumba na namba zake

Wazazi walinunua nyumba hiyo miongo kadhaa iliyopita. Baba alitangulia, mama akabaki peke yake kwenye hati, na kabla ya kufariki aliiweka nyumba ndani ya amana ya familia, ule mpango ambao mali hukabidhiwa msimamizi aigawe bila kupitia mirathi ya mahakamani. Mama alifariki Machi 2025. Siku hiyo nyumba ingeuzwa sokoni kwa dola 1,100,000. Kwenye vitabu vya mthamini wa kaunti, thamani inayotozwa kodi ilikuwa dola 240,000 tu. Ndani ya amana kulikuwa pia na akiba ya benki ya dola 60,000. Nachukua kiwango cha kodi cha asilimia 1.2: asilimia 1 ya msingi, na kinachobaki ni cha kulipia madeni ya umma ambayo wapiga kura wa eneo hilo waliyaidhinisha.

Kwa namba hizo mama alikuwa akilipa kama dola 2,880 kwa mwaka. Mtu aliyenunua leo nyumba ya jirani ya bei ileile analipa dola 13,200.

Pengo hilo ni zao la Pendekezo la 13, lililopigiwa kura Juni 1978 na kuingizwa kwenye katiba ya California. Liliweka mambo matatu. Kiwango cha msingi cha kodi hakizidi asilimia 1 ya thamani. Thamani hiyo haiongezwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hata bei za nyumba zikipaa namna gani. Na nyumba huthaminiwa upya kwa bei ya soko pale tu inapobadilisha mmiliki, au inapojengwa upya, ambapo huthaminiwa kile kipya kilichojengwa. Ndiyo maana mzee aliyekaa nyumba moja miaka 35 hulipa sehemu ndogo sana ya kodi anayotozwa mgeni wa mtaa. Na ndiyo maana swali zito la mirathi ya California ni hili: umiliki umebadilika, au haujabadilika?

Kifo hubadilisha umiliki. Sheria inahesabu kwamba nyumba ilihama siku mama alipofariki, hata kama hati zitakaa miezi bila kuguswa. Kinachowaokoa watoto ni msamaha wa mzazi na mtoto.

Je, watoto hawa wanaupata msamaha?

Hapa ushauri wa zamani umewaponza wengi, na unaendelea kuwaponza. Kuanzia 1986, kwa Pendekezo la 58, mzazi aliweza kumwachia mtoto nyumba aliyokuwa akiishi, ya bei yoyote, ikabaki na thamani yake ya zamani ya kodi, na mtoto hakulazimika kuishi humo. Angeweza kuipangisha siku ya pili. Mali nyingine nazo zilisamehewa hadi dola milioni 1 za thamani ya kodi. Shangazi au rafiki aliyerithi mwaka 2015 atakusimulia hivyo, na atakuwa anasema kweli ya wakati wake.

Wapiga kura walibadilisha utaratibu huo Novemba 2020 kwa Pendekezo la 19. Kwa urithi unaotokea kuanzia tarehe 16 Februari 2021, nyumba lazima iwe ilikuwa makazi ya mzazi, na lazima iwe makazi ya mtoto ndani ya mwaka mmoja. Pia kuna kikomo: thamani ya zamani ya kodi, ukiongeza dola milioni 1. Ile milioni hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Kwa vifo na uhamisho wa kati ya tarehe 16 Februari 2025 na 15 Februari 2027 ni dola 1,044,586.

Tupime kisa chetu. Dola 240,000 ukiongeza 1,044,586 unapata 1,284,586. Nyumba ina bei ya soko ya 1,100,000, iko chini ya kikomo, kwa hiyo thamani ya kodi inabaki 240,000 bila kuongezwa chochote. Kama ingekuwa na bei ya 1,500,000, ile ziada ya 215,414 juu ya kikomo ingejumlishwa kwenye 240,000, thamani mpya ikawa 455,414, na kodi kama dola 5,465. Hata hapo msamaha ungekuwa umefanya kazi kubwa.

Kuhusu makazi, dada anauliza swali la maana: yeye haishi humo, je, nusu yake haitaharibu? Haiharibu. Watoto wakirithi kwa pamoja inatosha mmoja wao mwenye sifa aifanye nyumba kuwa makazi yake. Kaka anaishi humo tayari, kwa hiyo msamaha unafunika nyumba nzima.

Ila kuishi peke yake hakutoshi, lazima kuandikwe. Ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, kaka awasilishe kwa mthamini wa kaunti fomu BOE-266, ya nafuu ya mwenye nyumba anayeishi kwake. Nafuu yenyewe ni ndogo, inapunguza thamani ya kodi kwa dola 7,000, kama dola 70 au 84 kwa mwaka. Watu huidharau kwa sababu hiyo. Wasichojua ni kwamba fomu hiyo ndiyo ushahidi ambao msamaha mkubwa unausimamia. Kisha ipo fomu BOE-19-P, ya kudai msamaha wenyewe, inayopewa muda wa miaka mitatu, mradi nyumba haijauzwa kwa mtu wa nje. Na kabla ya zote hizo kuna taarifa ya kifo cha mwenye mali, BOE-502-D, ambayo mthamini anatakiwa kuipata ndani ya siku 150. Namshauri kaka asisubiri mipaka hiyo: apeleke zote katika miezi ya kwanza, abaki na nakala zenye mhuri wa kupokelewa.

Hadi hapa ndugu hawa wako salama. Nyumba imetoka kwa mama kwenda kwa watoto, msamaha upo. Sasa inakuja ile ahadi ya kwenye simu.

Njia ya kwanza: kaka akope, amlipe dada

Msimamizi wa amana, ambaye mara nyingi ni mmoja wa watoto, anaandika hati: nusu kwa kaka, nusu kwa dada. Hati inasajiliwa kaunti. Miezi michache baadaye kaka anachukua mkopo wa dola 550,000, anampa dada, na dada anasaini hati ya kumhamishia kaka nusu yake. Kila mmoja anaona haki imetendeka, na imetendeka kweli baina yao.

Mbele ya mthamini kimetokea kitu kingine. Msamaha ni wa mzazi na mtoto. California haina msamaha wa ndugu kwa ndugu. Ile nusu iliyotoka kwa dada kwenda kwa kaka ni mauzo kama mauzo yoyote, na nusu hiyo inathaminiwa upya kwa bei ya soko ya siku ya uhamisho. Nusu ya kaka inabaki na 120,000. Nusu ya dada inakuwa 550,000. Jumla 670,000, na kwa asilimia 1.2 kodi ni dola 8,040 kwa mwaka badala ya 2,880.

Tofauti ni dola 5,160 kwa mwaka. Thamani zote mbili zikipanda kwa asilimia 2 kila mwaka, tofauti hiyo nayo inakua, na kwa miaka 10 inapita dola 56,000. Hizo ni fedha ambazo hazikwenda kwa dada wala hazikubaki kwa kaka.

Na haziji taratibu. Baada ya hati kusajiliwa kaunti hutuma bili ya nyongeza, nje ya bili ya kawaida ya mwaka, inayohesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya mwezi unaofuata uhamisho. Uhamisho ukifanyika kati ya Januari na Mei huja bili mbili za namna hiyo, moja ya mwaka wa kodi unaoishia Juni 30 na nyingine ya mwaka unaofuata. Kwa kawaida bili za nyongeza huenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, siyo kwa benki, hata kama benki ndiyo hukusanya na kulipa kodi yake ya kila mwaka. Kaka anayedhani benki imeshughulikia anaweza kujikuta na faini juu ya deni.

Wapo wanaofikiri bei ndiyo tatizo, kwamba dada akitoa nusu yake bure, kama zawadi, mthamini hatakuwa na la kusema. Zawadi nayo ni uhamisho. Nusu ile itathaminiwa kwa bei ya soko hata kama haikulipwa senti, na dada atakuwa amepoteza urithi wake bila faida ya kikodi kwa yeyote. Wengine hufikiria dada aukatae urithi rasmi. Kuukataa kunafaa pale mtu asipotaka kitu kabisa. Akiukataa kwa makubaliano ya kulipwa pembeni, kukataa huko hakusimami kisheria, na akiukataa kikweli, fungu lake huenda likaangukia kwa watoto wake badala ya kaka. Sioni familia inayotaka kuingia huko.

Njia ya pili: amana ndiyo ikope

Rudi nyuma hadi siku ambayo nyumba bado iko mikononi mwa msimamizi wa amana na hakuna hati iliyosainiwa kwa jina la mtoto yeyote. Msimamizi ana nyumba ya 1,100,000 na akiba ya 60,000. Jumla 1,160,000. Kila mtoto anastahili 580,000.

Sheria ya California inamruhusu msimamizi kugawa mali bila kukata kila kitu vipande viwili, ili mradi kila mrithi apate thamani anayostahili. Kifungu cha 16246 cha sheria ya mirathi ya jimbo kinasema hivyo. Anaweza kumpa mmoja gari na mwingine fedha za thamani ya gari. Kwa kisa chetu anaweza kumpa kaka nyumba yote na dada fedha. Shida ni kwamba fedha zilizopo ni 60,000, na dada anastahili 580,000. Zinapungua 520,000.

Hapo msimamizi, kwa jina la amana na kwa cheo chake cha usimamizi, anakopa dola 520,000 kutoka kwa mkopeshaji wa nje, akiweka nyumba kama rehani. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya amana. Msimamizi anamlipa dada 580,000. Kisha anaandika hati moja tu, ya nyumba yote kwenda kwa kaka, ikiwa na deni lake. Kaka amepokea nyumba ya 1,100,000 yenye deni la 520,000, yaani 580,000 safi, sawasawa na dada.

Nani alimpa kaka nyumba? Mama, kupitia amana yake. Nani alimpa dada fedha? Mama, kupitia amana yake. Dada hajawahi kuwa na nusu ya nyumba ya kumuuzia mtu. Kwa hiyo hakuna uhamisho wa ndugu kwa ndugu, nyumba yote imehama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto anayeishi humo, na thamani ya kodi inabaki 240,000. State Board of Equalization, bodi ya jimbo inayowaongoza wathamini wa kaunti zote, imeukubali mpangilio huu katika maelekezo yake kwa miaka mingi, na haukufutwa na Pendekezo la 19.

Huu si ujanja wa kukwepa, na nasema hivyo kwa sababu nimeona watu waaminifu wakisita, wakihisi wanaficha kitu. Hakuna kinachofichwa. Mthamini ataombwa msamaha waziwazi, ataonyeshwa amana, mkataba wa mkopo na hesabu ya mgawanyo, na ataamua akiwa na kila kitu mezani.

Lakini masharti yake ni makali, na yote yanahusu fedha zimetoka wapi.

Fedha za kumlipa dada zisitoke kwa kaka. Zikitoka mfukoni mwake, au kwenye mkopo wa jina lake, mthamini ataona kaka amenunua nusu ya dada, hata kama zilipitia akaunti ya amana njiani. Kosa hili ni rahisi mno kulifanya kwa nia njema. Mkopo umechelewa wiki mbili, dada ana ada ya kulipa, kaka anaona amtangulizie kidogo kutoka akiba yake, "tutahesabiana baadaye". Kidogo hicho, kiasi chochote kile, kinaweza kuhesabiwa kuwa ununuzi wa sehemu ya dada, na sehemu hiyo ikathaminiwa upya. Ni afadhali dada asubiri, au msimamizi amtangulizie kutoka zile 60,000 za mama.

Mkopeshaji asiwe kaka, na kaka asiweke dhamana yake binafsi nyuma ya mkopo wa amana. Hili la dhamana linawanasa watu kwa sababu benki ya kawaida hupenda kumuona mtu mwenye mshahara nyuma ya mkopo. Ndiyo sababu benki nyingi hukataa kukopesha amana ambayo mwenyewe amefariki, na familia hulazimika kwenda kwa wakopeshaji binafsi wanaotoa mikopo ya muda mfupi kwa amana. Hao hutazama thamani ya nyumba zaidi ya mshahara, na hutoza riba na ada za juu.

Na mpangilio wa karatasi usivurugwe. Mkopo kwa jina la amana kwanza, rehani isajiliwe, fedha ziingie akaunti ya amana, dada alipwe na asaini kupokea fungu lake kamili la urithi, ndipo hati ya nyumba iende kwa kaka. Kaka atachukua mkopo wa kawaida wa nyumba kwa jina lake, wa riba nafuu, baada ya hapo, kulipa ule wa amana. Akiuchukua kabla, amerudi njia ya kwanza.

Risiti ya dada nayo iandikwe kwa uangalifu. Ikisema "nimepokea dola 580,000 kwa kumuuzia kaka yangu nusu ya nyumba", imeandika mauzo ambayo hayakutokea. Alichopokea ni fungu lake kutoka amana ya mama, na ndivyo iseme.

Amana inasemaje?

Kabla ya kumtafuta mkopeshaji, fungua amana usome kifungu cha mgawanyo pole pole. Ikiwa mama aliandika kwamba mali zake zote zigawanywe sawa kwa watoto wake wawili, njia ya pili iko wazi, kwa sababu usawa unaotakiwa ni wa thamani. Ikiwa aliandika kwamba nyumba hiyo iwe ya watoto wote wawili, kila mmoja nusu yake, mambo yamebadilika: amempa dada nusu ya nyumba kwa jina, na msimamizi hana mamlaka ya kuigeuza kuwa fedha kwa sababu tu familia imependa. Vivyo hivyo ikiwa amana inakataza mgawanyo wa namna hiyo au inakataza msimamizi kukopa.

Kwa hiyo ningemwomba kila mzazi mwenye nyumba California na watoto zaidi ya mmoja aitazame sentensi hiyo angali hai. Kuirekebisha ni kazi ndogo kwa wakili wa mirathi. Baada ya kifo haiwezekani tena kwa kalamu ya mama.

Na ikiwa hati ya majina mawili imekwisha kusajiliwa? Basi dada ni mmiliki, na lolote atakaloliuza baadaye ni la ndugu kwa ndugu. Watu huniuliza kama wanaweza kuirudisha nyumba kwenye amana waanze upya. Huko ni kuongeza uhamisho juu ya uhamisho. Kuna kifungu cha wamiliki wenza wawili ambacho husamehe pale mmoja anapofariki na kumwachia mwenzake nyumba waliyokuwa wakiishi wote wawili kwa mwaka mzima kabla ya kifo; hakihusu kuuziana, na dada haishi hapo.

Je, inalipa?

Njia ya pili ina gharama: ada za mkopeshaji, riba ya miezi kadhaa, wakili, uthamini wa nyumba, kisha ada za mkopo wa pili. Tuseme zote kwa pamoja zimekula dola 20,000. Kwa akiba ya 5,160 kwa mwaka, kaka anazirudisha kabla ya mwaka wa 4 kuisha, na kila mwaka baada ya hapo ni wake. Ana miaka 40 na kitu, anataka kuzeekea humo. Kwake jibu liko wazi, nami ningemhimiza afanye hivyo hata kama mkopo wa amana unaonekana ghali.

Lakini sisemi kila familia ifanye. Chukua nyumba ya bei ya soko ya 400,000 yenye thamani ya kodi ya 300,000. Dada akiuza nusu yake moja kwa moja, thamani mpya ni 350,000, na kodi inapanda dola 600 tu kwa mwaka. Gharama za mkopo wa amana zikifika 10,000, kaka atangoja karibu miaka 15 azirudishe. Hapo ile ahadi ya kwenye simu, nitakopa benki nikulipe, inafaa kabisa. Kinachoamua ni ukubwa wa pengo kati ya soko na kitabu cha mthamini, na miaka ambayo mtoto atakaa humo.

Ipo pia njia ya tatu ambayo ndugu wengi huisahau: wasinunuane kwanza. Wabaki wamiliki wawili, kaka aishi humo, msamaha ufunike nyumba yote, na waandikiane mkataba wa nani analipa kodi, bima na matengenezo, na dada analipwa nini kwa kaka kukalia nusu yake. Kwa dada mwenye haraka ya fedha haifai. Kwa dada asiye na haraka inanunua muda, lakini ajue kwamba njia ya pili hufungwa siku hati ya majina mawili inaposajiliwa.

Kodi nyingine ni nyepesi katika kisa hiki. Kwa kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, mali ya urithi huhesabiwa kuwa ilipatikana kwa bei ya siku ya kifo, kwa hiyo dada akipokea thamani hiyohiyo muda mfupi baadaye hana faida ya kutozwa, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Njia ya kwanza, kwa kuwa ni mauzo, ina pia kodi ya kuhamisha hati, ambayo ngazi ya kaunti ni dola 1.10 kwa kila 1,000: dola 605 kwa nusu ya dada, na baadhi ya miji huongeza yake juu.

Yanayomsubiri kaka na dada

Kaka ajue kwamba msamaha wa Pendekezo la 19 unadumu kadiri anavyoishi humo. Akihama na kuipangisha nyumba, unaondoka kuanzia Januari 1 inayofuata, na thamani ya kodi inapelekwa pale ambapo ingekuwa kama msamaha usingekuwepo: bei ya soko ya siku mama alipofariki, na nyongeza ya kila mwaka. Baada ya miaka 4, kwa asilimia 2 kwa mwaka, 1,100,000 imekuwa kama 1,190,675, na kodi kama dola 14,288. Kwa hiyo kama moyoni anajua atahama baada ya miaka miwili, gharama za mkopo wa amana hazitarudi, na ni bora aliseme hilo mapema, pengine hata wafikirie kuiuza nyumba yote na kugawana.

Dada naye asiachwe nje kwa sababu kodi si yake. Njia ya pili inampa kitu ambacho njia ya kwanza haimpi: analipwa kabla kaka hajapata hati, badala ya kungoja benki imkubali kaka. Aombe nakala ya uthamini wa nyumba wa siku ya kifo, uliofanywa na mthamini mwenye leseni, kwa sababu hesabu ya fungu lake yote inasimama juu ya namba hiyo moja. Na gharama za mkopo wa amana zibebwe na nani? Zikikatwa kwenye amana kabla ya kugawa, dada amelipia nusu ya akiba ya kodi ambayo kaka peke yake ataifaidi. Kwa maoni yangu zibebwe na fungu la kaka: msimamizi azihesabu upande wake wa karatasi ya mgawanyo, mkopo uongezwe kidogo kuzifidia, na dada apokee 580,000 zake kamili.